Watoto wetu na ushahidi wa mvua

Ifikapo Novemba katika misikiti yetu ya Nyanda za Juu Kusini, mazungumzo ya barazani baada ya swala ya Isha huwa ni yale yale: je, mvua imeanza au haijaanza? Mmoja husema kuwa mwaka jana wakati kama huu mahindi yalikwisha kuota. Mwenzake humkatalia na kudai kuwa huo ulikuwa mwaka juzi. Wa tatu, ambaye aghalabu ndiye mkubwa wao kwa umri, hutukumbusha miaka ambayo ukungu wa Mbeya ulikuwa hauondoki milimani mpaka adhuhuri. Sote tunakubaliana kuwa hali ya hewa imebadilika. Lakini akitokea mtu wa kuuliza imebadilika kwa kiasi gani, na hasa hapa mtaani petu, majibu hukoma, kwa sababu hakuna aliyeandika. Kumbukumbu ya mwanadamu huishika mvua iliyoezua paa na kuisahau ile ya kiasi iliyonyesha siku nane mfululizo, ilhali hiyo ya pili ndiyo iliyolisha watu.

Sisi tuliopewa dhamana ya ukatibu wa kamati ya msikiti tumeona tuwaandikie wasomaji wa kurasa hizi za familia juu ya jambo dogo linalofanywa na watoto wa madrasa yetu jijini Mbeya, pamoja na wenzao wa madrasa moja ya Iringa mjini, kwa misimu miwili sasa. Watoto hao hupima mvua. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, mmoja wao husoma kipimamvua, wa pili hushuhudia, na namba huandikwa daftarini pamoja na majina ya wote wawili. Hakuna zaidi ya hapo, na huenda ndiyo sababu limedumu.

Wataalamu wana jina la kazi ya namna hii; huiita sayansi ya umma, yaani watu ambao sayansi si taaluma yao kushiriki katika kukusanya maarifa yake. Si jambo geni duniani. Programu ya GLOBE, iliyoanza kazi nchini Marekani mwaka 1995 na ambayo Tanzania ni miongoni mwa wanachama wake, huwatumia wanafunzi wa shule kupima mvua, joto na mawingu. Mradi wa TAHMO, uliobuniwa na wasomi wa vyuo vikuu vya Delft nchini Uholanzi na Jimbo la Oregon nchini Marekani, umeweka lengo la vituo 20,000 vya hali ya hewa barani Afrika, na hupendelea kuviweka katika viwanja vya shule ili kifaa kipate ulinzi na wanafunzi wapate somo. Hapa nchini, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walichora ramani ya mitaa inayofurika, chini ya mradi wa Ramani Huria. Tofauti yetu ni kwamba hatuna kifaa cha kisasa wala mfadhili; tuna chupa, rula na daftari.

Kwetu haja ya kupima ni kubwa kwa sababu ya milima. Tukuyu na Kyela hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukivuka safu za Uporoto na kuteremka katika bonde la Usangu, upande wa Mbarali, hazifiki hata nusu ya hizo. Iringa mjini si mbali na mashamba ya chai ya Mufindi, lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepanda chai pale mjini akitegemea mvua peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inafanya kazi yake na utabiri wake unatufikia, ila kituo kilichoko uwanja wa ndege hakiwezi kushuhudia kilichonyesha nyuma ya kilima. Isitoshe, sisi hatuna vuli na masika kama ndugu zetu wa pwani na kaskazini. Tuna msimu mmoja tu, kati ya Novemba na Aprili au Mei. Mkulima wa huku akikosea mwanzo wake, hana msimu wa pili wa kufidia.

Na mwanzo huo ndipo penye mtihani. Mvua ya kwanza hunyesha, ardhi ikanukia, watu wakaingia shambani na mbegu ya kununua. Kisha jua likawaka majuma mawili na mche ukakauka. Kanuni inayotumiwa sana na wataalamu ni kusubiri milimita zisizopungua 20 ndani ya siku chache, na kuangalia kuwa hazifuatiwi na ukame mrefu. Lakini nani ajuaye milimita 20 kwa macho? Mvua ya dakika kumi yenye radi na kishindo huweza kuacha milimita 6 tu, na manyunyu ya usiku kucha, ambayo hakuna aliyeyasikia, yakaacha 24. Jambo hili liliwastaajabisha watoto kuliko yote. Walikuwa wakidhani mvua kubwa ni ile yenye kelele.

Kipimamvua chenyewe hutengenezwa kwa chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka. Hukatwa sehemu ya juu, nayo ikageuzwa na kuwekwa kama faneli. Chini hutiwa vijiwe na maji mpaka mahali pa kuanzia sifuri, kwa kuwa kitako cha chupa hakiko sawa. Pembeni hubandikwa rula. Hufungwa juu ya kigingi mahali pa wazi, mbali na paa na miti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Macho ya msomaji lazima yawe usawa wa maji. Fundi seremala aliye jirani na msikiti alitupa kigingi bure. Chupa ya kwanza iliibwa, ya pili ilipasuka kwa jua, ya tatu ipo hadi leo.

Hapo mwanzo tulidhani mahali pake ni shule ya msingi iliyo jirani, na kweli ndiko kilikoanzia, kwa ridhaa ya mwalimu mkuu na kwa ushirikiano wa watoto wa dini zote. Saa tatu asubuhi watoto wa siku za juma wako darasani; wapi pengine wangesoma? Lakini tulipotazama kalenda tulibaini kasoro ambayo wote wanaofanya kazi hii mashuleni wanapaswa kuifikiria. Shule hufungwa mwezi Desemba na kufunguliwa Januari, na kwa Nyanda za Juu Kusini huo ndio moyo wa msimu. Yaani kipimo kingekuwa kinasomwa kwa bidii wakati wa kiangazi na kuachwa chenyewe wakati wa mvua! Msikiti haufungwi Desemba. Haufungwi Jumamosi wala Jumapili, wala haufungwi siku ya sikukuu yoyote. Kwa hiyo tulikubaliana na shule: siku za masomo wanasoma wanafunzi wa shule, na siku zote nyingine, pamoja na likizo nzima, wanasoma watoto wa madrasa, kwenye kipimo hicho hicho. Binti mmoja wa darasa la sita ndiye mtunza daftari, na tangu akabidhiwe hatujaona ukurasa uliochafuliwa.

Tumesema daftari lina majina ya watu wawili kwa kila namba. Utaratibu huo hatukuutoa katika kitabu cha hali ya hewa. Tumeutoa katika elimu tuliyoisoma chuoni, elimu ya hadithi. Umma huu umezoea kuuliza: nani amekuambia, naye aliambiwa na nani, je, ni mkweli, je, alikuwepo? Mwezi mwandamo tunaufunga na kuufungulia kwa ushahidi wa macho ya mtu wa kawaida. Imepokewa kuwa bedui alimjia Mtume (s.a.w) akasema ameuona mwezi, hakuulizwa elimu yake wala kabila lake, aliulizwa shahada yake, kisha Bilali akaamrishwa kuwatangazia watu wafunge. Na kwa wanaouliza kama mtoto anaweza kuaminiwa, Imam Bukhari ameweka katika Kitabu cha Ilimu mlango mahususi kuhusu lini usikivu wa mtoto husihi, na humo ameleta habari ya Mahmud bin Rabi' (r.a), aliyekumbuka Mtume (s.a.w) akimrushia usoni maji ya kinywani yaliyotoka katika ndoo, naye akiwa na miaka mitano. Maulamaa waliipokea kumbukumbu ile ya mtoto wa miaka mitano. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyeshika kalamu tumkatae kwa lipi?

Hata hivyo ukweli hufundishwa, hauji wenyewe. Katika msimu wa kwanza kijana mmoja aliyekuwa zamu alikwenda kwa shangazi yake kwa siku tatu. Aliporudi alijaza nafasi zake: 5, 5, 5. Ustadhi aliziona mara moja, kwani mvua haina tabia hiyo. Hakumchapa. Alimwita mbele ya wenzake wachache, akamwambia achore mstari juu ya kila namba bila kuifuta, na pembeni aandike "haikusomwa". Kisha akawaeleza watoto wote tofauti baina ya sifuri na nafasi tupu. Sifuri ni ushahidi: nilikwenda, nikatazama, hapakuwa na kitu. Nafasi tupu ni mnyororo uliokatika, na mpokezi aliyeunga mnyororo uliokatika kwa dhana yake wanazuoni walimwacha. Tunakiri kuwa tulipokuwa chuoni tulilisoma somo hilo kwa ajili ya mtihani. Watoto hawa wanalisoma kwa ajili ya chupa ya maji, na tunaona wamelielewa vizuri zaidi.

Si kila mtu alifurahi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana, mkulima wa miaka mingi, alitushika mkono siku ya Ijumaa baada ya swala. "Katibu, mwanangu," alituambia, "mvua ni katika funguo za ghaibu. Mnawafundisha watoto wetu nini?" Tulimwamkia tena kwa adabu na tukampeleka kwa imamu, kwa sababu swali lilikuwa la haki na halikustahili kujibiwa na katibu. Imamu alimjibu kwa maneno machache: ghaibu ni ile ambayo haijateremka, iliyokwisha kuteremka ikawa ndani ya chupa si ghaibu tena, ni neema, na neema huhesabiwa ili ishukuriwe. Swala ya kuomba mvua tunaiswali kabla, kipimo tunakisoma baada. Katika Suratuz Zukhruf Allah (s.w.t) ametaja kuwa maji huyateremsha kwa kipimo, na sisi hatufanyi ila kukitazama hicho kipimo. Mzee hakusema kuwa ameridhika. Lakini mwezi uliofuata alimtuma mjukuu wake kuja kuuliza, "Babu anasema, imefika ngapi?"

Tungependa wazee wengine wenye shaka kama ile wakumbuke pia kisiwa cha Rawda mjini Cairo. Mwaka 861, sawa na 247 Hijria, wakati wa Khalifa Mutawakkil wa Bani Abbas, kilijengwa pale kisima chenye nguzo ya marumaru iliyochongwa alama za dhiraa, kwa ajili ya kupima kina cha mto Nile. Kutani mwake zimeandikwa aya za Qur'ani zinazotaja maji na mimea. Kina kilipotangazwa, watawala walijua kama mwaka ungekuwa wa neema au wa njaa, na kodi ya ardhi ilipangwa kwa kuangalia hilo. Na tusiende mbali: katika fiqhi yetu ya Zaka, mazao yaliyonyweshwa na mvua hutolewa sehemu ya kumi, na yaliyonyweshwa kwa gharama na taabu hutolewa nusu yake. Ndugu zetu wanaolima mpunga Mbarali, ambao shamba moja hunywa mvua na mfereji kwa pamoja, wanajua jinsi mjadala huo unavyokuwa mrefu kila mavuno.

Kuhusu Iringa, rafiki yetu tuliyesoma naye chuoni ni mwalimu wa madrasa kule, na kila Ijumaa jioni watoto wa pande mbili husomeana namba za juma kwa simu. Kati yetu kuna zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu, kupitia Makambako na Mafinga. Juma moja la Januari sisi tulikuwa na mvua siku tano, wao sifuri saba. Upande wa kule wakanyamaza, kisha mtoto mmoja akauliza kama wametenda dhambi gani. Mwalimu wao, Allah amlipe kheri, hakuliacha swali hilo lipite. Aliwachorea upepo wenye unyevu unavyopanda ukingo wa Mufindi na Udzungwa, unavyomwaga maji yake huko, na unavyofika mjini ukiwa mwepesi. Nao wakaenda kuuliza jamaa zao walioko Mufindi kama mvua imenyesha. Ilikuwa imenyesha.

Hapo ndipo ustadhi wetu alipowaonyesha watoto wa Mbeya jambo jingine. Mito inayoteremka kutoka Uporoto na Kipengere huingia Usangu, ikaunda Ruaha Mkuu, ikapita katika Hifadhi ya Ruaha upande wa Iringa, na kufika katika mabwawa ya Mtera na Kidatu yanayotoa umeme. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka hifadhini nyakati za kiangazi, mto ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima. Lawama zimegawanywa kwa wakulima wa mpunga, kwa wafugaji, kwa ukame, kwa mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji, na kila mmoja ana ushahidi wa mdomo dhidi ya mwenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa mradi uliojumuisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo waliwachezesha wakulima wa Usangu mchezo wa ubao na gololi: gololi ni maji, mashimo ni mashamba, na aliye chini ya ubao huona kwa macho yake jinsi aliye juu anavyozimaliza. Tumewatengenezea watoto ubao kama huo. Wanaugombania kama bao la kete, na kila mmoja hutaka kukaa juu.

Sasa msomaji atauliza, namba hizo zimefaa nini? Kwa upande wa kupanda, wapo wazazi waliosubiri mpaka daftari lilipovuka 20, na wapo waliopanda kwa mvua ya kwanza kama babu zao. Misimu miwili haitoshi kumhukumu yeyote, na tumewakataza watoto kujivuna. Kwa upande wa hatari, baada ya sehemu ya Mlima Kawetere kuporomoka mwezi Aprili 2024 na tope kufukia nyumba katika kata ya Itezi, hapa hapa Mbeya, tumewafundisha kujumlisha mvua ya siku mfululizo wala si ya siku moja, kwa kuwa mlima huporomoka baada ya kushiba. Mwenyekiti wa mtaa ameomba apelekewe jumla hiyo kila inapokuwa kubwa.

Lakini faida iliyotugusa sisi wanakamati ni ya maji ya udhu. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Paa la msikiti wetu lina mita 15 kwa 12, yaani 180 za mraba. Watoto walikokotoa wenyewe kuwa mvua ya milimita 25 huleta lita 4,500 juu ya paa lile, na hata ukitoa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki 3,600, ambazo miaka yote zilikuwa zikikimbilia mtaroni huku sisi tukichangisha ankara ya maji. Walipomaliza hesabu hiyo waliweka ndoo chini ya bomba la udhu, wakapima tunachotumia, kisha wakatuwekea kando yake kibaba, kwa kuwa wamesoma kuwa Mtume (s.a.w) alitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Ndoo ile ilikaa mlangoni kwa majuma mawili bila maandishi yoyote. Wako watu wazima walioomba iondolewe.

Jambo moja limetuudhi, nalo tunalisema bila kumtaja mtu. Katika msimu wa kwanza ilikuja taasisi moja yenye gari zuri, ikawapanga watoto, ikawapiga picha wakiwa na miche mikononi, na ikaomba daftari ili likanakiliwe. Daftari lile halijarudi mpaka leo, na simu haipokelewi. Miezi minne ya asubuhi za baridi za Mbeya, baadhi ya watoto wakitembea kwenye umande bila viatu vya kufaa, imekwenda na gari. Zilipona namba zile tu zilizokuwa zimesomwa kwa simu Iringa na kuandikwa kule. Tangu hapo madaftari ni mawili, na la pili halitoki kabatini mwa msikiti. Wenye kutaka namba wanakaribishwa kuja na kalamu zao.

Kamati ilipokaa mwezi Agosti ilikuwa na mapendekezo mawili mezani: kuchangisha fedha za kuchimba kisima, au kununua tenki na mifereji ya paa. Binti mtunza daftari aliitwa asome jumla zake za kila mwezi, naye alisoma amesimama, pamoja na siku saba za "haikusomwa", ambazo hakuna aliyemtaka azitaje. Tenki la lita 5,000 limekwisha kusimamishwa upande wa kaskazini wa msikiti. Kuhusu la pili, wajumbe wamesema watasubiri daftari lifike mwisho wa Aprili.